Asilimia Saba Iliyokosekana

Maneno haya niliyasema Kamalondo, Lubumbashi, tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, mbele ya vijana wanaoanza masomo ya uhandisi pamoja na wazazi wao. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na nimerudishia mambo mawili matatu ambayo siku ile niliyaruka, maana akina mama waliokuwa wakikaanga samaki nyuma ya ukumbi walinishinda nguvu, na wasikilizaji wote wakageuza shingo.

Baba na mama, wazee wangu wa kambi za wafanyakazi wa migodi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaoitwa mableu, jambo yenu.

Niliombwa niseme juu ya historia ya chuo cha uhandisi. Aliyeniomba alifikiri nitasema habari za chuo kikuu chetu cha Kasapa, na kweli ningeweza. Kilifungua milango mwaka 1956, mji huu ukiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1971 kikachanganywa na Lovanium ya Kinshasa na chuo cha Kisangani, vyote vitatu vikawa UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikaachiwa kusimama peke yake tena. Sisi tuliosoma katikati ya hapo tuna diploma zenye muhuri wa nchi ambayo haiko tena kwenye ramani. Lakini hayo mtayasikia kwa watu wengine. Leo nitawapeleka mbali, mji mmoja mdogo wa Saksonia, huko Ujerumani, unaoitwa Freiberg. Mimi mwenyewe sijaukanyaga. Ila nimeishi na watu wake miaka yote ya kazi yangu, kwa sababu majina yao yako katika kila kitabu nilichofundishia.

Tena nina deni. Nianze na deni lenyewe.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika maabara ya kampuni moja. Kazi ilikuwa kupima mawe: unasaga jiwe, unaliyeyusha katika asidi, unatafuta kuna mukuba, yaani shaba, kiasi gani, zinki kiasi gani, chuma, risasi, salfa. Mwishoni unajumlisha. Jumla inatakiwa ifike 100. Siku moja yangu ilifika 97 na kidogo. Nikarudia. Ikafika palepale. Nikaenda kwa mukubwa wangu, mtu mwema, mwenye haraka, nikamwonyesha daftari. Akaniambia: “Andika tu ‘bingine’, mwana. Siye mukuba njo tunatafutaka.” Nikaandika “bingine”, yaani vitu vingine. Daftari likafungwa, mshahara ukaja mwisho wa mwezi, na mimi nikasahau kwa muda wa miaka mingi. Wazee wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakutuambia kwamba hata yenye daftari inaweza kuisha, kama kwenye daftari umeandika “bingine”.

Twende Freiberg.

Mji huo ulizaliwa kwa ajili ya fedha, ninasema fedha ile ya madini, siyo noti. Wanasimulia kwamba mwaka 1168 wachuuzi wa chumvi walikuwa wakipita msituni na magari yao, gurudumu likachimbua jiwe linalong'aa katika tope la njia, wakalichukua mpaka Goslar, mji mwingine wa migodi, likapimwe, na jiwe likaonekana lina fedha. Habari ya gurudumu inaweza kuwa hadithi tu, kwa maana kila mji wa madini una hadithi ya mtu aliyejikwaa. Hata sisi tumefundishwa kwamba Jules Cornet ndiye “aliyevumbua” shaba ya Katanga mwaka 1892, kama vile wazee wetu waliokuwa wakiyeyusha mukuba na kumimina misalaba ya shaba karne nyingi kabla yake walikuwa wamelala usingizi. Cornet alionyeshwa mashimo. Akayaandika vizuri sana, na hiyo ndiyo sifa yake. Aliporudi Ubelgiji akafundisha katika shule ya migodi ya Mons, na kuna jiwe la buluu lililopatikana hapa hapa, katika mgodi wa Kalukuluku, linaloitwa kwa jina lake, kornetaiti. Wale waliomwonyesha njia hawana jiwe lenye jina lao.

Kwa miaka 600 hivi watu wa Freiberg walichimba bila chuo. Mtoto alijifunza kwa baba yake, na baba kwa babu. Mwaka 1702 ulianzishwa mfuko mdogo wa kuwalipia vijana wajifunze kupima madini na kupima mashimo. Baadaye akatokea daktari mmoja, Johann Friedrich Henckel, akafungua maabara. Mwaka 1739 walikuja kwake vijana watatu kutoka Urusi. Mmoja aliitwa Mikhail Lomonosov, ambaye alikuja kuwa baba wa sayansi ya nchi yake. Akagombana na Henckel, akaondoka mwaka uliofuata. Kwa hiyo ninyi mnaogombana na maprofesa, mna mtangulizi, ila hakikisheni mna akili ya Lomonosov kwanza.

Chuo chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya kushindwa. Kuanzia 1756 mpaka 1763 Ulaya ilipigana vita vya miaka saba, na Saksonia ikakaliwa na jeshi la Prusia, ikakamuliwa mpaka tone la mwisho. Vita vilipoisha nchi ilikuwa na madeni, mashimo yamejaa maji, na mrithi wa kiti alikuwa bado mtoto. Baba yake mdogo, mwanamfalme Xaver, ndiye aliyeshika utawala kwa niaba yake. Wakuu wawili wa migodi, Friedrich Wilhelm von Oppel na Friedrich Anton von Heynitz, wakampelekea shauri ambalo mtu mwenye madeni hulikataa kwa kawaida: tufungue shule. Akakubali. Ilikuwa Novemba 1765. Masomo yalianza mwaka uliofuata, na jumba hawakuwa nalo, wakasomea katika nyumba ya Oppel mwenyewe. Walikiita Bergakademie, yaani akademia ya migodi. Jina hilo lipo mpaka leo, na chuo hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyuo vikuu vyote vya migodi vinavyoendelea kufundisha. Watu wa Schemnitz, huko Slovakia, walianza kufundisha uchimbaji mapema zaidi, na wao watabisha. Waacheni wabishe, ni ubishi mzuri.

Nyumba ya mtu. Ninapenda mkumbuke hilo mtakapoanza kulalamika juu ya viti.

Miaka kumi baadaye, 1775, akaajiriwa kijana wa miaka 25 aliyekuwa amesoma palepale, Abraham Gottlob Werner. Huyo alifundisha Freiberg miaka zaidi ya 40, mpaka alipofariki mwaka 1817, na ndiye aliyewaita wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia. Alikuwa mtu wa ajabu. Hakupenda kusafiri, hakupenda kuandika barua, vitabu vyake ni vichache. Alichokuwa nacho ni mdomo na macho. Mwaka mmoja kabla ya kuanza kazi alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kutambua jiwe bila maabara: rangi yake, mng'ao wake, alama linayoacha ukilikwaruza, ugumu, uzito mkononi, ubaridi wake, harufu yake ukilipiga, hata ladha yake kwenye ulimi. Wachimbaji wa kisu na nyundo wa Kawama na Ruashi wanayafanya hayo kila siku, hawajui kwamba kuna profesa aliyeyaandika. Ninawaambia vijana: mchimbaji anayelamba jiwe msimcheke. Muulizeni amesikia nini.

Lakini Werner alikosea, na kosa lake ni kubwa. Alishika kwamba mawe yote ya dunia, pamoja na graniti, pamoja na yale mawe meusi ya volkano, yalitulia chini ya bahari moja ya zamani kama mashapo ya kikombe. Volkano kwake ilikuwa moto mdogo tu wa makaa yanayoungua chini ya ardhi. Kama angeshuka siku moja Goma, akasimama juu ya lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002, hapo inapojengewa nyumba leo, kitabu chake angekichana mwenyewe. Hakusafiri, nimeshawaambia. Wanafunzi wake ndio waliosafiri. Leopold von Buch akaenda Vesuvius, akaenda Auvergne huko Ufaransa, akaona, na pole pole akaacha mafundisho ya mwalimu wake. Alexander von Humboldt akapanda volkano za Amerika, naye akaacha. Na wote wawili waliendelea kumheshimu Werner maisha yao yote. Mimi ninaona hapo ndipo mwalimu anapopimwa. Aliwapa macho, na macho yakaona asichokiona yeye.

Huyo Humboldt alikaa Freiberg miezi minane tu, kuanzia Juni 1791. Asubuhi na mapema alishuka shimoni, mchana na jioni alikuwa darasani. Ndiyo ilikuwa desturi ya chuo: mwanafunzi anashika nyundo kwanza, kalamu baadaye. Alipotoka akapewa kazi ya kukagua migodi, naye akiwa na miaka 24, mwaka 1793, akafungua huko Steben shule ya bure kwa ajili ya wachimbaji wenyewe, kwa pesa yake mwenyewe, kabla hata ya kuwaomba ruhusa wakubwa zake. Alitaka wale wanaume wajue kusoma, kuhesabu na kutambua jiwe wanalolipiga. Pia akahangaika na taa na vifaa vya kupumulia ili watu wasife kwa hewa mbaya. Wengi wanamjua Humboldt kwa milima na mito aliyoitembelea. Mimi ninamjua kwa hiyo shule ya Steben.

Wengine nitawapitia haraka. Ndugu wawili wa Hispania, Juan José na Fausto Elhuyar, walisoma Freiberg, wakarudi kwao, na mwaka 1783 wakaitoa metali ya wolframu kutoka kwenye jiwe kwa mara ya kwanza. Ndugu zetu wa Kivu, wolframu mnayoifahamu ninyi, inayobebwa mgongoni kushuka vilimani, ilianzia hapo kujulikana kama metali. Fausto akatumwa Mexico, akaongoza huko shule ya migodi iliyofunguliwa 1792. Akafundisha pamoja na Andrés Manuel del Río, naye mtoto wa Freiberg, aliyepata metali ya vanadiamu mwaka 1801. Mshairi Novalis alisoma huko pia, na mashairi yake yamejaa watu wanaoshuka chini ya ardhi. Julius Weisbach alifundisha hesabu na nguvu za maji mpaka kifo chake mwaka 1871. Mwaka wa pili mtaanza kuhesabu msuguano wa maji ndani ya bomba, na jina lake litawasumbua usiku.

Sasa ninataka tusimame kidogo kwa mtu anayeitwa Ferdinand Reich, kwa sababu ana la kutuambia sisi wa Lubumbashi hasa.

Reich alikuwa profesa wa fizikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alitaka kuonyesha kwamba dunia inazunguka, siyo kwa kutazama nyota, bali kwa kuangusha vitufe vya metali shimoni. Mantiki ni hii: mdomo wa shimo uko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko sakafu ya shimo, kwa hiyo unakwenda mashariki kwa kasi kubwa kidogo. Kitu kikidondoka kutoka juu kinabeba ile kasi, na kikifika chini kitakuwa kimesogea kidogo upande wa mashariki. Alichagua shimo lenye kina cha mita 158. Akaangusha zaidi ya mara 100, akapima kila mara, akapata wastani wa milimita 28 kuelekea mashariki. Hesabu ilikuwa imesema karibu hivyo hivyo.

Sasa tazameni nje. Ile shemine yetu, bomba la moshi la Jekamini, kampuni ya serikali ya migodi, ambayo kila mtoto wa mji huu anaichora kabla hajajua kuchora nyumba, ina mita 153. Karibu kina kile kile cha shimo la Reich, ila yetu inaelekea juu. Nimekaa nyumbani nikafanya hesabu. Ukiangusha kitu ndani yake kutoka kwenye mdomo, kitachukua sekunde tano na nusu kidogo kufika chini, na kitakuwa kimesogea mashariki karibu sentimita 4. Zaidi kuliko Freiberg! Kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta, na huku dunia inakimbia haraka zaidi. Msinisadiki. Kesho fanyeni hesabu wenyewe, na atakayepata jibu lingine aje nyumbani kwangu, tutatafuta kosa pamoja. Lakini msipande shemine, mama zenu wataniua.

Reich huyo huyo, akiwa mzee, mwaka 1863, alikuwa akipima mawe ya zinki ya migodi ya jirani. Wakati ule kilikuwa kimetoka chombo kipya, spektroskopu: unachoma unga wa jiwe katika mwali wa moto, unatazama mwanga wake kupitia kioo, na kila metali inaonyesha mistari ya rangi yake, kama alama ya kidole. Shida ni kwamba Reich hakuweza kutofautisha rangi. Macho yake yalizaliwa hivyo. Basi akamwita msaidizi wake, Theodor Richter, amtazamie. Richter akaona mstari wa rangi ya nili, buluu kali ambayo haikuwa ya metali yoyote inayojulikana. Wakaiita indiamu kwa ajili ya ile rangi. Kioo cha simu yako, hicho unachokigusa chini ya meza ukidhani sikuoni, kina ngozi nyembamba sana yenye indiamu. Imevumbuliwa na mtu asiyeona rangi, kwa kuwa hakuona aibu kusema “nitazamie”.

Haya, nimefika kwenye deni langu.

Mwaka 1885, katika mgodi wa Himmelsfürst karibu na Freiberg, likatoka jiwe ambalo hakuna aliyelijua. Profesa wa mawe, Albin Weisbach, mtoto wa yule wa mabomba, akalipa jina, arjirodaiti, kwa sababu lilikuwa na fedha nyingi. Akampa mwenzake wa kemia alipime. Huyo aliitwa Clemens Winkler. Winkler akasaga, akayeyusha, akapima. Fedha, karibu robo tatu. Salfa, asilimia 17 hivi. Chuma kidogo, zebaki kidogo. Akajumlisha. Jumla ikafika asilimia 93.

Akarudia. Asilimia 93. Akabadilisha njia, akarudia tena.

Asilimia saba haikuonekana. Ingetosha kuandika “bingine”. Jiwe lilikuwa la fedha, na fedha wameipata. Mgodi haukungoja jibu lake. Kampuni haikumlipa zaidi kwa zile saba. Lakini aliikalia hesabu hiyo miezi yote ya baridi. Ile metali ilikuwa imejificha katika maji ya kuchuja: salfidi yake huyeyuka, na mtu anayechuja kwa njia ya kawaida anaimwaga bila kujua. Tarehe 6 Februari 1886 alipotia kwa wingi asidi ya hidrokloriki yenye ukali, ukashuka unga mweupe. Hapo alikuwa nayo.

Kule Urusi Dmitri Mendeleev alikuwa amesema tangu 1871 kwamba katika jedwali lake kuna nafasi tupu chini ya silikoni, na kwamba metali itakayoikaa itakuwa na uzito wa atomu wa karibu 72 na uzani wa gramu 5.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Winkler alipata 72.32 na 5.47. Jambo linalonichekesha ni kwamba mwanzoni hata Mendeleev mwenyewe hakuitambua metali yake, alidhani ni ya nafasi nyingine! Winkler akaiita jermaniamu, kwa jina la nchi yake.

Winkler hakuwa mtu wa jiwe moja. Moshi wa matanuru ya Freiberg ulikuwa unaua miti na mashamba, na wakulima walikuwa wanadai fidia. Yeye alichunguza namna ya kuukamata ule moshi wa salfa na kuugeuza kuwa asidi ya kuuzwa, akaandika juu yake mwaka 1875. Wenye matanuru walifanya pia jambo lililo rahisi zaidi: mwaka 1889 wakamaliza kujenga huko Halsbrücke shemine ya matofali ya mita 140, ndefu kuliko zote duniani wakati ule, ili moshi uende kuangukia mbali. Bado imesimama. Nyinyi mnaotoka upande wa Penga Penga, ambako majani hayaoti isipokuwa yale machache yanayovumilia mukuba, mnajua moshi unaopelekwa mbali unaangukia wapi. Unaangukia kwa mtu.

Sasa sikilizeni kilichopata migodi yenyewe. Mwaka 1913 serikali ya Saksonia ilifunga migodi ya fedha ya Freiberg kwa sababu ilikuwa inaleta hasara. Ilifufuliwa baadaye, ikachimba risasi na zinki, ikafungwa moja kwa moja mwaka 1969. Miaka 800 ya kuchimba, ikaisha. Lakini chuo hakikufungwa. Kipo. Tangu 1993 kinaitwa Technische Universität Bergakademie Freiberg, na mgodi mmoja wa zamani, Reiche Zeche, ni mali yake: wanafunzi wanashuka humo kujifunza kama alivyoshuka Humboldt.

Ninyi wazee wa kambi mliokaa hapa mbele, mnajua kwa nini ninalisema hilo mbele yenu. Mlikuwepo katikati ya miaka ya 1980, Jekamini ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mlikuwepo mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990. Mlikuwepo tani zilipoanguka chini ya 50,000, na Kipushi ikafungwa mwaka 1993. Posho ikakatika, shule za kambi zikabaki na kuta. Sitalizungumza zaidi, leo ni sikukuu.

Basi Kipushi. Hapo kilomita 30 tu, mnakwenda na taksi. Katika mgodi ule wachimbaji walikuwa wanatoa jiwe la rangi ya shaba iliyoiva, linalokaribia machungwa. Kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa bornaiti tu, jiwe la kawaida la shaba, “bornaiti ya machungwa”. Kwa rangi peke yake hata Werner angedanganyika. Mwaka 1948 mtaalamu wa mawe wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba huku kabla ya Jekamini, Johannes Vaes, akaonyesha kwamba si bornaiti: ni jiwe lingine, na ndani yake mna jermaniamu. Liliitwa renieraiti, kwa jina la mkuu wa jiolojia wa Ubelgiji. Ile metali ya Winkler, iliyokosekana kule Freiberg, huku ilikuwa imejaa.

Mmeshaelewa “bingine” ya daftari langu ilikuwa nini. Au tuseme, sehemu yake. Siwezi kuapa, lile daftari halipo tena.

Mawe ya Kipushi yaliyeyushwa hapa mjini, katika matanuru yaliyoanza kazi mwaka 1911. Mukuba ukatoka, ukapanda treni. Kilichobaki kikamwagwa ng'ambo ya reli, kikiwa chekundu usiku, cheusi asubuhi, mwaka baada ya mwaka mpaka kikawa mlima. Tulikua tukiutazama huo mlima, tukiuita taka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tanuru jipya likaanza kuuyeyusha upya, kwa sababu ya kobalti, na kilichotoka kikapelekwa Ufini. Na mwaka 2024 Jekamini na kampuni ya Umicore, ambayo ndiyo Union Minière ya zamani kwa jina jipya, wakaandikiana mkataba juu ya jermaniamu iliyomo katika ule mlima. Inatafutwa kwa ajili ya nyuzi za intaneti, miwani ya kuonea usiku, na paneli za jua za satelaiti. China, inayotoa nyingi kuliko wote, ilianza mwaka 2023 kubana inayouzwa nje, na bei ikapanda. Mwaka huo huo wa 2024 Kipushi nayo ikafunguliwa tena.

Mzazi mmoja ameniuliza mlangoni, kabla hatujaanza, kama mtoto wake akimaliza Politekniki, kitivo chetu cha uhandisi, atapata kazi. Mama, sijui kusema uongo siku ya Mtakatifu Barbara. Ninachojua ni kwamba mlima ule utapimwa kila siku, na mtu atakaa mbele ya mizani na kujumlisha. Ningependa awe mtoto wa Kamalondo au wa Katuba. Na ningependa akifika 97 asimsikilize mukubwa wake haraka kama nilivyosikiliza mimi.

Nimekuja na kitu mfukoni. Mtu aliyekuwa shimoni Kipushi alinipa kabla haijafungwa, na mke wangu amekuwa akikitumia kushikilia mlango usipigwe na upepo. Ndiyo renieraiti yenyewe, imechanganyika na wenzake. Anza wewe, binti, uliyekaa pembeni. Ipime mkononi, itazame kwenye mwanga, ikwaruze kama una kisu, halafu mpe jirani yako. Ila yale ya Werner ya kulamba, hapana: hili lina aseniki.